Misuli ya Chaza

1

Nilipommwagia maji ya uvuguvugu pale kwenye kifundo cha mkono, vidole vilikaza zaidi, na aliyepiga kelele hakuwa maiti.

"Unaniua, Mnyamwezi!" alisema Chaurembo. "Acha maji yako!"

Nikaweka kata chini. Kazi ya kuosha maiti nimeifanya tangu nilipoacha shule, darasa la nne, nikimfuata baba na ndoo. Wanaume wengi wa Uvinza wamepita mikononi mwangu. Maiti aliyekakamaa dawa yake naijua: maji ya uvuguvugu yenye majani ya mkunazi, kisha unamkanda taratibu, kiungo kwa kiungo, mpaka akubali. Lakini sikuwahi kuosha maiti ambaye ameshikwa na mtu aliye hai.

Maiti alikuwa Idi Msabila, mume wa dada yangu Kulusumu. Siwezi kusema alikuwa amelala kwenye kitanda cha kuoshea. Aliwekwa tu, kwa ubavu. Mgongo umepinda, magoti yamekunjwa nusu, mikono yote miwili iko juu, mbele kidogo ya kichwa, na viganja vimefunuliwa, kama mtu anayesubiri kutwishwa gunia. Kando ya kitanda, kwenye kigoda, alikaa Chaurembo, Mzaramo wa Kisarawe, rafiki yake na mtani wake. Mikono yake yote miwili ilikuwa imemkamata Idi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Walitolewa handakini hivyo alfajiri, wakapakiwa hivyo, wakashushwa uani kwetu hivyo. Wanawake walipowaona, wengine walisahau kulia.

"Jaribu kuachia," nilimwambia.

"Unadhani nafanya nini tangu alfajiri?"

"Unajaribu?"

Alitazama pembeni.

Wote wawili walikuwa wabeba matao. Mwamba wa milima linakochimbwa handaki ni mbovu, na reli mpya lazima ipite ndani yake. Mashine ikiinua tao la chuma haisikii jiwe linapoanza kuguna, inasukuma tu mpaka dari linashuka. Mtu husikia mgongoni. Kwa hiyo kampuni ya reli ilichukua watu, ikawachoma sindano ya chaza, nao wakawa wanaingia wanne wanne, wanainua tao, wanakaza, wanakaa hivyo mpaka wachomeleaji wamalize kuliunga. Saa tatu, saa nne, bila kutetemeka. Idi alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, "Shemeji, nimebeba mlima leo, wala sijachoka." Nilikuwa simwamini.

"Tazama alivyo," alisema Chaurembo, akimwonyesha Idi kwa kidevu. "Amekufa bado anabeba. Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani kwetu, mkalala kwenye baraza za babu zangu na mizigo vichwani. Hamjui kutua."

"Na babu zako wakatuuzia maji ya visima vya Mungu," nilimjibu.

Akacheka, kisha kicheko kikamgeukia. Nilimfuta machozi kwa ncha ya taulo, maana mikono yake mwenyewe haikuwa na nafasi.

2

Mtaalamu wa kampuni alikuja jua likiwa limeshapanda. Binti mdogo, Mnyakyusa, anaitwa Atupele. Alivua viatu mlangoni, akajitanda kitenge kichwani bila kuambiwa, akasema, "Shikamoo mzee. Poleni sana." Nilimfunika Idi shuka, nikamruhusu aingie.

Alibonyeza mkono wa Idi, akabonyeza vidole vya Chaurembo. Vidole vilikuwa vimeanza kubadilika rangi kwenye ncha. Kisha akaniomba tutoke barazani.

"Ulimwagia maji ya moto?"

"Ya uvuguvugu. Ndivyo tunavyolegeza."

"Kwa misuli ya chaza joto ni kama kuipigia kelele. Inakaza."

"Basi nieleze," nilisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtu wa darasa la nne, kwa sababu ndiye unayeongea naye."

Aliwaza kidogo. "Umewahi kuvuta gari lililokwama, kwa kamba?"

"Mara nyingi."

"Mnavutaje?"

"Unashika, unavuta, unaachia, unashika mbele."

"Ndani ya msuli ni hivyo hivyo. Kuna nyuzi nyembamba, hizo ndizo kamba. Kuna nyuzi nene, nazo zimejaa vichwa vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona, kila kimoja ni kama mkono. Kinashika kamba, kinajikunja, kamba inasogea, kinaachia, kinashika mbele. Havifanyi kwa pamoja. Vingine vimeshika, vingine vimeachia, ndiyo maana kamba hairudi nyuma. Vikifanya hivyo kwenye nyuzi zote, msuli unafupika, na wewe unainua ndoo."

"Nani anaviambia vianze?"

"Muda wote kamba imefunikwa na uzi mwingine, vichwa havioni pa kushika. Ubongo ukituma ujumbe, ndani ya msuli yanamwagika madini ya kalsiamu, haya haya yaliyomo kwenye mifupa na kwenye chokaa. Ule uzi unasogea pembeni. Vichwa vinaona nafasi, vinashika."

Ilieleweka. Nikamwambia aendelee.

"Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata waliosoma. Wanadhani kinachotaka nguvu ni kushika. Lakini kichwa kikishavuta, kinabaki kimeng'ang'ania. Hakiwezi kuachia chenyewe. Mpaka ije chembe ya nishati, kutoka kwenye chakula ulichokula, ikae juu yake, ndipo kinaachia. Chembe isipokuja, kinabaki hapo hapo."

Mbele yetu kuku alikuwa anaparua majivu.

"Ndiyo maana maiti anakakamaa," nilisema mwishowe.

"Ndiyo. Saa za mwanzo ana akiba kidogo, analegea. Akiba ikiisha, kila kichwa kinabaki kimeshika pale kilipokuwa."

"Na baada ya siku mbili analegea tena."

"Hapo hajaachia, mzee. Hapo nyuzi zenyewe zimeanza kuoza."

Miaka yote ile nilidhani maiti anakakamaa kwa baridi. Kumbe wale wote niliowakanda viungo walikuwa wameshika, na hakuna aliyekuja kuwasaidia kuachia. Jambo hilo lilinikaa kifuani, nikawa sisikii anachosema mpaka akarudia.

"Chaza," alisema. "Umewahi kujaribu kumfungua kwa vidole? Anafunga gamba lake anakaa hivyo siku nzima, na hatumii karibu chochote. Ana kitu cha ziada kinachofunga vichwa kwenye kamba, kama komeo. Tukakichukua tukawapa hawa. Kushika kukawa bure. Lakini kufungua komeo bado kunataka vitu viwili: ujumbe, na nishati. Ujumbe ni hii."

Alitoa kwenye mkoba kichupa kimoja, kidogo kama cha wanja.

"Ukimchoma Idi atanyooka?"

"Akichomwa kabla ya alasiri, ndiyo. Tuliwajaza akiba misulini ili wasiishiwe wakiwa chini ya mwamba. Yeye amekufa, mzee, moyo umesimama na ubongo umekufa, usije ukawapa watu matumaini. Lakini nyama yake bado inasikia."

Hilo halikunishangaza. Kila aliyewahi kuchinja mbuzi ameona nyama ikicheza kwenye sinia. "Na baada ya alasiri?"

"Akiba itaisha, atabaki alivyo. Nyama ya chaza huchelewa kuoza."

"Na Chaurembo?"

"Damu haifiki kwenye vidole. Mpaka kesho vitakuwa vimekufa. Vitakatwa."

Nikatazama kile kichupa. "Kingine kiko wapi?"

"Kigoma. Na reli imefukiwa, na daraja la barabara limekwenda na mvua. Kitafika kesho, labda kesho kutwa."

"Gawa nusu kwa nusu."

"Kichupa ni dozi ya mtu mmoja, nusu haifungui. Ni sawa na ufunguo uliokatwa."

"Wakubwa wako wamesema apewe nani?"

Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wamesema marehemu. Wanataka azikwe vizuri. Hawataki watu wamwone alivyo."

"Na wewe?"

"Mimi nasema dawa ni ya aliye hai. Lakini siwezi kumchoma mtu anayekataa. Nimemuuliza pale ndani kwa sauti ya chini, ulipokuwa unafunga dirisha. Amekataa."

3

Kulusumu alikuwa amesikia kila kitu kupitia pazia. Alitoka akiwa na kanga mbili, macho makavu.

"Hakuna cha kujadili, kaka. Dawa ni ya mume wangu."

"Vidole vya mwenzie vitakatwa."

"Mwenzie mwenyewe amekubali vikatwe. Wewe ni nani unakataa? Idi alikuwa mrefu, akipita watu wanasimama kumsalimu. Nitamlaza kwa ubavu wa kulia, uso wake uelekee kibla, miguu imenyooka. Mume wangu hatazikwa amekunjwa kama kiti."

Nikarudi ndani kwa Chaurembo. Nilidhani kwake itakuwa rahisi zaidi.

"Mpeni yeye," alisema. "Mimi leteni panga tu. Hata sasa hivi."

"Acha utani."

"Leo sitanii."

"Utakula na nini? Utamshika mwanao na nini?"

"Feruzi, sikiliza. Kengele ya hatari ililia. Kengele ikilia, kila mmoja anatafuna kidonge chake anaachia, anatoka. Nilitafuna changu. Niliachia upande wangu, nikatoka mbio, na nyuma yangu tao lote likamlalia yeye. Niliporudi kumvuta nikakaza mpaka komeo likafunga." Alipumua. "Nimeshamwachia mara moja. Mara ya pili hamtaniona nikimwachia."

Sasa niseme ukweli wa hali yangu. Kazi yangu ni maiti. Aliye hai atajisemea mwenyewe, maiti hana msemaji ila anayemwosha. Tumefundishwa kwamba mfupa wake una heshima ile ile ya mfupa wa mtu anayetembea, ndiyo maana hatuvunji, hatulazimishi. Watu wawili wenye haki ya kusema, mke na rafiki, walitaka jambo moja, tena jambo ambalo mimi nimelitetea maisha yangu yote: maiti anyooshwe, alazwe kama mtu. Mimi peke yangu nilikuwa upande wa pili, na sikuwa na haki yoyote. Vidole havikuwa vyangu. Maiti hakuwa wangu.

Lakini kila nikivitazama vile vidole, vyeusi kwenye ncha, nilijua nikikubali nitakuwa nimefanya kazi yangu sawasawa na nitakuwa nimekosea.

Nikarudi kwenye kazi yangu. Kichwa kilikuwa huru, taya lilikuwa huru. Atupele alikuwa ameniambia taya hawalichomi, kwa sababu ya kidonge. Nikazungushia kitambaa kidole changu cha shahada, nikachovya kwenye maji baridi, nikaanza kumsafisha Idi kinywa: meno ya mbele, meno ya nyuma, shavu la kulia.

Kwenye shavu la kushoto kidole changu kikagonga kitu kigumu.

Nilikitoa taratibu. Kilikuwa na ganda la nta, ukubwa wa punje ya hindi, kizima. Hakikuwa na alama ya jino.

Chaurembo alikiona. Uso wake ulibadilika kabla ya wangu.

"Kirudishe," alisema kwa sauti ndogo. "Feruzi, kwa heshima ya Mungu, kirudishe, asikione."

"Asione nani?" alisema Kulusumu, akiwa mlangoni.

4

Kulusumu alikishika kiganjani akakigeuza geuza. Atupele alisimama nyuma yake. Nilimuuliza kwa macho kama kitafaa kumtia Chaurembo mdomoni. Akatikisa kichwa: kidonge ni cha kuwahi, komeo likishapita muda wa zamu ni sindano tu.

"Mkuu wa kazi alikuja hapa," alisema Kulusumu. "Aliniambia kidonge kilimdondoka. Alisema ni bahati mbaya, mama, kidonge kilidondoka, hakuweza kuachia."

Alimgeukia yule wa kigodani.

"Chaurembo. Nakuuliza wewe. Kilidondoka?"

"Shemeji..."

"Kilidondoka?"

"Hapana." Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkono wa Idi. "Nyuma yetu walikuwa wamebaki wachomeleaji wawili. Kengele ilipolia wenzetu wawili wa tao walitafuna wakatoka, mimi nikamwambia, Idi, tafuna. Akasema, bado. Neno hilo moja. Bado. Mimi nikatafuna changu."

"Na wale wawili?"

"Walitoka. Walipita chini ya mikono yake."

Kulusumu aliketi chini, pale pale kwenye sakafu yenye maji. Nilidhani sasa atalia. Badala yake alikasirika, na hasira yake haikuelekea kwa Chaurembo wala kwa kampuni.

"Kwa hiyo njia ya kurudi nyumbani ilikuwa mdomoni mwake," alimwambia mumewe. "Ilikuwa hapa, shavuni. Ungeuma tu. Mimi nimeacha maharage motoni nakusubiri, na wewe unasema bado." Alimpiga kofi dogo begani, kama alivyokuwa akimpiga akichelewa kurudi. "Bado! Kila siku bado. Twende harusini, bado. Tupake nyumba rangi, bado."

Chaurembo alianza kulia kwa sauti. "Ndiyo maana sikutaka ujue. Afadhali uamini alishindwa, kuliko ujue alikataa."

Mimi nilisimama na kitambaa changu mkononi, mjinga kuliko wote. Nje wanaume walikuwa wanauliza kama waanze kuchimba, na kaburi la kipimo gani.

Kulusumu akainuka. Alimwendea Atupele.

"Ukimchoma sindano hii, ataachia yeye, au mtakuwa mmemwachisha ninyi?"

"Nyama itaachia, mama. Yeye hayupo."

"Alipokuwepo alisema nini?"

"Alisema bado."

"Basi sitamfanyia akiwa maiti kitu alichokikataa akiwa hai." Alinigeukia. "Kaka, mwoshe alivyo. Kaburi litamfuata yeye."

"Na dawa?"

"Dawa ni ya huyu Mzaramo mkaidi."

"Nimekataa," alisema Chaurembo. "Mikono ni yangu."

Hapo nikaona nafasi yangu, nikaisema bila kuipamba. "Ni yako. Hatutakuchoma kwa nguvu. Lakini nikuulize, ulimkamata na mikono gani?"

"Hii."

"Ilikuwa wapi kabla ya hapo?"

"Juu. Kwenye tao."

"Usingetafuna kile kidonge ungekuwa umebeba tao mpaka sasa, na yeye angekufa hatua mbili kutoka kwako, unamtazama. Ulirudi kwa sababu uliachia. Huyu binti ameniambia leo kwamba kuachia ndiyo kazi. Kushika ni bure, hata chaza anaweza."

Alitazama vidole vyake.

"Halafu jambo la pili," alisema Kulusumu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa na ule ukali wa watu wanaotaniana. "Mume wangu Mnyamwezi. Atazikwa bila mtani? Nani atalala kaburini awazuie watu? Nani atamtukana? Unataka aondoke kimya kama mtu asiye na kwao? Una vidole, unavikumbatia hapo kama kuku anayeatamia, na kazi inakungoja."

Chaurembo alimgeukia Idi.

"Ana sikio moja kubwa kuliko lingine," alisema mwishowe. "Hilo lazima lisemwe kaburini."

"Basi kaliseme."

5

Atupele hakumchoma papo hapo. "Ale kwanza," alisema. "Hajala tangu jana, na kufungua kutamla nguvu nyingi. Akiishiwa katikati, vidole vitabaki nusu."

Kulikuwa na uji wa ulezi uliopikwa kwa ajili ya wafiwa. Kulusumu aliongeza sukari, akaketi mbele ya kile kigoda, akamlisha Chaurembo kwa kijiko, kwa sababu mikono yake ilikuwa imemshika mumewe. Kijiko kwa kijiko, bakuli mbili. Wanawake waliochungulia dirishani walimshangaa mfiwa anayelisha mtu siku ya msiba. Aliwaambia waondoke.

Kisha sindano, moja kwa kila mkono, kutoka kichupa kile kile, mpaka kikabaki kitupu.

Mwanzoni hapakutokea kitu. Kisha jasho likamtoka Chaurembo kwenye paji la uso, kisha shingoni, shati likalowa mgongoni. Alikuwa amekaa tuli kabisa kwenye kigoda, na alikuwa anahema kama mtu anayepanda mlima. Kidole gumba cha kulia kikatetemeka, kikainuka. Kikafuata cha shahada. Nilikuwa nimeona mikono mingi ikifunguka, lakini yote niliifungua mimi. Hii ilikuwa inajifungua yenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilimgharimu.

Kilipofunguka cha mwisho, alianguka begani kwangu. Kwenye kifundo cha Idi palibaki alama ya vidole, kama bangili.

Tulimwosha sote wawili. Chaurembo hakuweza kushika ndoo, vidole vilikuwa vinamcheza, lakini kumimina kwa kata aliweza, na maji yalikuwa baridi. Nilipita kwa sabuni chini ya kwapa, kwenye viganja vilivyofunuliwa, kwenye mgongo ule uliopinda. Safari hii sikumkanda kiungo hata kimoja. Sanda ilibidi ikatwe upya, kwa kipimo ambacho mkasi wangu haukuwahi kukikata, na kafuri niliiweka viganjani kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa juu.

Kabla hatujamfunika uso, Kulusumu aliingia kumuaga. Tulikuwa tumemkalisha nusu, tumeegemeza mgongo wake ukutani. Dada yangu hakumbusu paji la uso kama wanavyofanya wengine. Aliinama, akapita chini ya mikono yake iliyoinuliwa, akatokea upande wa pili. Kisha akasema, "Haya, mpelekeni."

6

Kaburi lilichimbwa pana, na mwanandani wake, lile pango la ndani la kulazia mwili, ukaingia mbali kuliko kawaida ili mikono isiguse. Wachimbaji walinung'unika kuhusu mawe, kisha walipoambiwa ni kwa ajili ya nani, wakanyamaza. Wawili kati yao sikuwajua. Walikuwa na mabaka ya moto mikononi, kama wachomeleaji. Hawakutaka kupokewa sururu.

Tulipofika na jeneza, Chaurembo alikuwa ameshalala ndani ya kaburi, miguu juu ya miguu.

"Hapazikwi mtu hapa!" alipaza sauti kutoka chini. "Hili si kaburi, hili ni ghala. Nyie Wanyamwezi hata kufa mnataka chumba na sebule!"

"Toka, Mzaramo, jua linakwenda," mmoja alimjibu.

"Sitoki mpaka mniambie amebeba nini safari hii. Pembe? Chumvi? Mbona mikono iko juu na mzigo siuoni? Na lile sikio lake moja kubwa, amelifunga vizuri, lisije likasikia siri za wafu akaja kutusimulia?"

Watu walicheka. Wazee waliokuwa wamekaza nyuso tangu asubuhi walicheka mpaka wakashika magoti. Mkuu wa kazi, aliyesimama nyuma na mpiga picha wake, hakujua atazame wapi. Kila mtu aliona Idi alivyo. Ilikuwa wazi ndani ya sanda: mgongo, magoti, viganja. Hakuna aliyeona aibu.

Mwishowe tukamletea Chaurembo jogoo, ada ya mtani, akamkubali, akasimama pale pale ndani ili apokee mwili. Nilishuka nikakaa upande wa miguu. Yeye alipokea upande wa kichwa, mikono chini ya mabega. Vidole vyake vilikuwa havijapona, vilitetemeka chini ya uzito, lakini alimshusha sawasawa, kwa ubavu wa kulia, uso ukaelekea kibla. Magoti yalikuwa yamekunjwa. Mikono ilitangulia mbele ya uso, wazi, kama ya mtu anayeomba.

Nilitoa mikono yangu miguuni. "Haya," nilimwambia. "Achia."

"Bado," alisema.

Nilimwona akilitazama sikio lile kubwa kupitia sanda. Jasho lilianza kumtoka tena, kwenye paji la uso, kisha shingoni, ingawa upepo wa alasiri ulikuwa baridi na dawa ilikuwa imekwisha mwilini. Hakuna aliyemharakisha. Yule binti wa kampuni alikuwa amesimama mbali pamoja na wanawake, lakini nadhani angekuwa karibu angeniambia nisubiri.

Kisha kidole gumba kikainuka, kikafuata cha shahada, na vingine, kimoja baada ya kingine.

Nikampa mkono, nikamvuta juu.